Steringi Anaweza Kufa: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Filamu za Mbali

Tangu niandike hapa kwamba filamu zilizonigusa kuliko zote zimetengenezwa na watu ambao siwezi hata kuwasalimia kwa lugha yao, meseji hazijakatika. Nimezifupisha. Majina nimeyaacha kando, nimebakiza kazi na mahali mtu anapoishi.

Dada, sisi ni wavuvi wa dagaa, tuko kambini kisiwani Ukerewe. Mwezi ukiwa mkubwa hatuingii ziwani, tunakaa siku kadhaa tukishona nyavu. Tuna projekta na betri ya sola. Muvi za vita tumezichoka. Kuna yoyote inayomhusu mvuvi? (Mvuvi, Ukerewe)

Ipo, na inawahusu kuliko mnavyodhani. Inaitwa *La terra trema*, maana yake ardhi inatetemeka. Ni ya Mwitaliano Luchino Visconti, mwaka 1948. Visconti alikwenda Aci Trezza, kijiji cha wavuvi kwenye kisiwa cha Sicily, na hakuchukua waigizaji wa mjini. Wote mtakaowaona ni wanakijiji wenyewe, wavuvi na watu wa nyumbani kwao, na wanaongea lugha ya kwao, ile ambayo hata Mwitaliano wa Roma haielewi mpaka atafsiriwe.

Inaanza alfajiri. Vyombo vinarudi, wanunuzi wa jumla wameshajaa ufukweni, samaki wanamwagwa, na bei anaitaja mwenye mizani. Mvuvi akibisha, mnunuzi anageuza uso, maana anajua samaki hasubiri. Mama yangu aliuza dagaa pale Mwaloni Kirumba miaka kumi na minane. Nikiwa mtoto nilikaa chini ya mizani za namna hiyo, nikaona kwamba mama haangalii mshale, anaangalia kidole cha anayepima. Sikujua kwa nini mpaka nilipokua. Katika filamu hii 'Ntoni, kijana wa familia ya Valastro, anafika siku asiyoweza tena kuangalia kidole. Anaishika mizani na kuitupa baharini. Nilipoionyesha kwa majirani, kwenye ukuta wa nyuma uliopakwa chokaa, mzee mmoja aliyekuwa amesinzia alisimama wima kabisa na kusema, "Eeh!" Hakukaa tena mpaka ilipokwisha.

Baada ya hapo familia inaweka nyumba rehani ili ijitegemee na kuuza yenyewe. Mwanzoni neema inashuka: samaki wadogo, ndugu wa dagaa wetu, wanajaa, na ukoo mzima unakesha ukiwatia chumvi kwenye mapipa huku unacheka. Yanayofuata sitawamalizia. Nyumba iko rehani, na ziwa na bahari mnavijua wenyewe. Ni ya nyeusi na nyeupe, inapita saa mbili na nusu, na haina haraka hata kidogo. Igaweni kwa usiku mbili, na mtafuteni kijana anayesoma Kiingereza vizuri awasomee maandishi ya chini.

Ya pili kwenu ni *Timbuktu* ya Abderrahmane Sissako wa Mauritania, mwaka 2014, iliyochukua tuzo saba za César kule Ufaransa. Wengi huitaja kama filamu ya magaidi, kwa sababu mji umetekwa na wenye bunduki waliopiga marufuku muziki, sigara na hata mpira wa miguu. Lakini jambo linalouendesha mkasa mtalitambua ninyi kabla ya profesa yeyote: ng'ombe ameingia kwenye nyavu. Ni ng'ombe anayependwa, amepewa hata jina, anaitwa GPS. Mvuvi, Amadou, ameshaonya mara nyingi. Siku hiyo anamchoma mkuki. Mwenye ng'ombe, Kidane, anakwenda kumkabili mtoni akiwa na bastola ndani ya nguo. Wanakabana, wanaanguka majini, risasi inatoka.

Halafu Sissako anairudisha kamera mbali, mbali sana, hadi mto wote unaonekana kutoka ukingo hadi ukingo. Jua linazama. Upande mmoja mtu anakokota miguu kwenye maji ya kina kifupi, anateleza, anainuka, anaondoka. Upande wa pili mtu anajaribu kusimama, hawezi. Wote wawili ni wadogo kama kunguru, na mto unang'aa katikati yao. Kando ya ziwa hili nani hajasikia ugomvi wa mfugaji aliyeshusha ng'ombe kunywa maji na mvuvi aliyetega papo hapo? Tukihadithiana huwa tunauliza nani alianza. Sissako anawaonyesha wote wawili kwa umbali ule ule, na swali la nani alianza linakosa mahali pa kusimama.

Muwe macho pia na pale vijana wanapocheza mpira bila mpira. Wanapiga chenga, golikipa anaruka, mtu anashangilia bao, na uwanjani hakuna kitu. Wanamgambo wakipita na pikipiki, wanajifanya wako kwenye mazoezi ya viungo. Nimeiona mara nne na kila mara koo inakaza.

Mimi ni mama wa watoto watatu, wa miaka 6, 9 na 12. Wakishika simu ni katuni za kupigana tu. Nataka tukae wote tuangalie kitu Jumapili. (Mama lishe, Buzuruga)

Anza na *Children of Heaven*, watoto wa mbinguni, ya Majid Majidi wa Iran, mwaka 1997. Ali amepeleka viatu vya mdogo wake Zahra kwa fundi, na njiani vinapotea. Baba hana pesa za vingine, na mtoto anajua kwamba akisema ataongeza mzigo. Kwa hiyo wanakubaliana siri: Zahra anasoma asubuhi, Ali anasoma mchana, basi watavaa raba za Ali kwa zamu. Msichana anatoka shule mbio, wanakutana kichochoroni, wanabadilishana, kijana anakimbia kuwahi. Wanao wanaosoma kwa zamu hawatahitaji maelezo hapo.

Kuna siku kiatu kinamchomoka Zahra mguuni, kwa sababu ni kikubwa kwake, na kinaangukia kwenye mfereji wa barabarani. Maji yanakichukua. Mtoto anakimbia kando yake, kinapita chini ya daraja dogo, anakikosa, anakimbia tena. Ni dakika chache tu za kiatu majini, na binti yangu mwenye miaka 7 alinishika mkono kwa nguvu kuliko alivyowahi kunishika kwenye muvi yoyote ya majoka. Baadaye kuna mashindano ya mbio ambayo zawadi ya mshindi wa tatu ni jozi ya raba. Ali anataka kuwa wa tatu. Si wa kwanza wala wa pili, wa tatu. Waachie watoto wagundue wenyewe ugumu wa jambo hilo.

Kwa huyo wa miaka 6, ongeza *My Neighbor Totoro* ya Hayao Miyazaki wa Japani, mwaka 1988. Ni katuni, haina adui hata mmoja. Dada wawili wamehamia kijijini, mama yao amelazwa hospitali, na msituni kuna kiumbe mkubwa mwenye manyoya. Watu wengi huuliza mbona hakuna kinachotokea. Kinatokea: watoto wanasubiri habari ya mama.

Na huyo wa miaka 12, hasa kama ni wa kike, mtafutie filamu ya mwisho ya Djibril Diop Mambéty wa Senegal, *La petite vendeuse de Soleil*, iliyotoka mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya mwenyewe kufariki. Ni dakika 45 tu. Sili anatembea kwa magongo na ameamua kuuza magazeti katikati ya Dakar, kazi ambayo wavulana wameifanya mali yao. Wanamsukuma, wanamwangusha, wanamwibia gongo. Yeye keshoye yupo. Mambéty hamwonei huruma hata dakika moja, na ndiyo maana unampenda hivyo.

Nimefuata ushauri wako nikaangalia ile ya mwizi wa baiskeli. Mbona mwisho haueleweki? Baiskeli haipatikani, steringi anaondoka analia. Tumezoea steringi hafi, na akipigwa analipiza. (Bodaboda, Igoma)

Ndugu yangu, wewe kazi yako iko juu ya magurudumu mawili. Jiulize ingekuwa pikipiki yako, na ya mkataba.

Kwa wasioijua: *Ladri di biciclette*, ya Vittorio De Sica, Roma, mwaka 1948, vita vimekwisha na kazi hakuna. Antonio anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani kwa sharti moja, awe na baiskeli. Yake iko kwa mkopeshaji wa rehani. Mke wake Maria anatandua mashuka ya kitandani, anayafua, anayapeleka rehani ili waikomboe. Hapo kuna picha moja ninayoibeba moyoni. Mfanyakazi wa pale anachukua furushi la mashuka yao na kwenda nalo kwenye rafu, na rafu ni ndefu hadi dari, anapanda na kupanda, na zote zimejaa mafurushi ya mashuka ya watu wengine. De Sica hakusema neno. Mji mzima unalala bila shuka.

Siku ya kwanza kazini baiskeli inaibiwa. Antonio na mwanawe mdogo Bruno wanaitafuta mji mzima, na huko mwisho Antonio anafanya jambo ambalo asubuhi ile asingeweza kuliwaza, mbele ya macho ya mtoto. Wewe unasema steringi hakulipiza. Sasa angemlipiza nani? Mwizi naye wanamfuata hadi kwao, na wanakuta chumba kimoja, mama, na umaskini uleule. Filamu ingempa baiskeli yake mwishoni, ungelala usingizi mzuri na kuisahau kabla ya kituo cha Jumatatu. Hivi ilivyo, umeniandikia barua.

Nikuongezee jambo. Aliyeigiza Antonio, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa fundi wa kiwandani. Baada ya filamu alirudi kiwandani kwake, na baadaye akapunguzwa kazi. Rudia kuiangalia ukijua hilo, uangalie mikono yake anavyobandika lile tangazo la kwanza.

Parasite inasifiwa kila mahali. Ni nzuri kweli au ni kelele za mtandaoni? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Ni nzuri kweli. Bong Joon-ho wa Korea Kusini aliitoa mwaka 2019, ikachukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, na Februari 2020 ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kushinda Oscar ya filamu bora ya mwaka. Familia moja maskini inajipenyeza katika nyumba ya tajiri, mmoja mmoja, kila mtu kwa kazi yake na uongo wake.

Ninachotaka ukiangalie ni mvua. Sisi Mwanza tumezoea jiografia ya kinyume: wenye nacho wako Capri Point karibu na maji, na wengi wetu tumepanda vilimani, nyumba zimekaa juu ya mawe kama mbuzi. Kule Seoul ya Bong tajiri yuko juu na maskini anaishi nusu chini ya ardhi, dirisha lake liko usawa wa miguu ya wapita njia. Inaponyesha, mvua ileile inayomfurahisha tajiri kwenye nyasi zake inashuka ngazi, inashuka tena ngazi, inashuka barabara, mpaka inafika chumbani kwa wale wa chini ikiwa maji machafu. Ukiwahi kukaa karibu na Mto Mirongo wakati wa masika, unajua harufu ya siku inayofuata. Na harufu ndiyo inayoua watu katika filamu hii. Sifafanui. Ila usiiangalie na watoto, ina mambo ya wakubwa na damu mwishoni.

Ni kweli kuna muvi kubwa ya kimataifa iliyopigwa hapa hapa Mwanza ikatuharibia jina? Baba yangu akiisikia anakasirika. (Mchakataji samaki, Ilemela)

Ni kweli. Inaitwa *Darwin's Nightmare*, ni ya kumbukumbu, si ya kuigiza, ya Hubert Sauper wa Austria. Ilitoka mwaka 2004, ikateuliwa kuwania Oscar, na ikashinda tuzo nyingi Ulaya. Inafuata sangara: samaki aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950, akawala wenzake wengi, akazaa viwanda vya minofu, na minofu ikawa inapakiwa kwenye ndege kubwa za mizigo za marubani wa Kirusi na Kiukreni kwenda Ulaya. Sauper anauliza ndege zile zilikuja na nini. Anaashiria silaha.

Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikosoa hadharani, na hapa mjini watu waliandamana kuipinga. Kule Ufaransa msomi mmoja wa historia aliandika akimtuhumu Sauper kwa udanganyifu, Sauper akamshitaki kwa kumchafua na akashinda.

Mwambie baba yako ana haki ya kukasirika, kisha ukae naye muione. Hayo ndiyo maoni yangu, na nimeyafikiria miaka mingi. Pale inapoashiria silaha, filamu haionyeshi hata sanduku moja likishushwa. Inategemea maneno ya watu na hofu ya mtazamaji. Hilo ni kosa kubwa kwa filamu ya kumbukumbu. Kosa jingine ni kwamba Mwanza nzima imekuwa usiku. Hakuna harusi, hakuna mtu anayecheka sokoni asubuhi, hakuna mwalimu. Mtu wa Paris aliyeiona angedhani tunaamka tukiwa tumekwisha kufa.

Lakini mapanki ni ya kweli. Mimi nimekula mapanki. Nakumbuka yakianikwa kwenye vichanja, vichwa na miiba, baada ya minofu kwenda zake, na nakumbuka kwamba sangara mzima ulikuwa humuoni kwenye sufuria ya nyumba kama yetu. Sauper aliona jambo hilo na kulishikilia kamera mpaka likauma. Uongozaji wake ni wa hali ya juu: kuna mtu ndani ya mnara wa kuongozea ndege, pale uwanjani kwetu, anahangaika kuua mdudu kwenye kioo wakati ndege inaomba kutua, na katika picha hiyo moja unaona kazi, joto, upweke na ndege ya tani nyingi. Filamu inaweza kuwa na macho makali na bado ikakosea inapohitimisha. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote hii imepita na sisi wenyewe hatujapiga ya kwetu kuijibu, yenye mapanki ndani yake na yenye harusi pia.

Kusoma maandishi ya chini kwa haraka siwezi, na Kiingereza kinanipiga chenga. Nisubiri zitafsiriwe? (Fundi cherehani, Mabatini)

Hapana, usisubiri. Anza na Charlie Chaplin, *City Lights*, mwaka 1931. Wakati huo sinema zilikuwa zimeshaanza kuongea, na Chaplin kwa makusudi akakataa. Vibao vya maandishi ni vichache, mtoto wa darasa la tano atakusomea. Masikini asiye na makazi anampenda muuza maua kipofu, na muuza maua anaamini huyu ni tajiri. Mwisho wake unategemea mkono kuutambua mkono mwingine kwa kuushika. Wewe unayejua kitambaa kwa vidole bila kukitazama, mwisho huo umeshonewa wewe.

Kuhusu watafsiri: mimi nimelelewa na kibanda umiza. Nimekaa kwenye mabenchi yale nikiwa na shilingi mia mkononi nikimsikiliza Lufufu akigeuza muvi ya Kichina kuwa hadithi ya mtaani kwetu, na nasema kwa moyo wote kwamba ile ni sanaa. Kwa ngumi na kwa vichekesho, mtafsiri anaongeza utamu. Kwa filamu tulivu anaharibu, kwa sababu hawezi kuacha ukimya upite, atajaza. Njia tunayotumia mimi na majirani tukiangalia filamu Jumamosi ni mtu mmoja mwenye sauti ya chini kukaa nyuma na kusoma maandishi kwa Kiswahili, neno lililoandikwa tu, pasipoandikwa anyamaze. Baada ya robo saa unasahau kuwa yupo.

Shikamoo sitakusalimia maana mimi ni mkubwa kwako. Nimestaafu serikalini baada ya miaka 34. Wanangu wananiletea muvi za mabomu. Mtu wa umri wangu aangalie nini? (Mstaafu, Musoma)

Shikamoo mzee wangu. *Ikiru*, ya Akira Kurosawa, Japani, mwaka 1952. Jina lake maana yake ni kuishi.

Bwana Watanabe ni mkuu wa idara katika ofisi ya jiji, na kwa karibu miaka 30 hajakosa kazini hata siku moja, kazi yenyewe ikiwa kugonga mihuri. Kina mama wa mtaa wanakuja kuomba dimbwi la maji machafu lifukiwe, watoto wapate mahali pa kuchezea. Wanapelekwa dirisha hili, dirisha hili linawapeleka lile, lile linawapeleka jingine, wanazunguka jengo zima mpaka wanarudishwa dirisha la kwanza. Wewe mzee wangu umekaa upande wa ndani wa dirisha, mimi nimekaa foleni upande wa nje, na filamu hii inatuweka meza moja.

Watanabe anagundua ana saratani ya tumbo. Kwanza anatafuta raha, hazimkai. Ndipo anakumbuka lile dimbwi. Kurosawa akafanya jambo la ujasiri: theluthi ya mwisho ya filamu Watanabe ameshafariki, na tuko matangani. Wafanyakazi wenzake wamekaa chini wanakunywa, wanabishana nani hasa alijenga bustani ile, mabosi wanajipa sifa, halafu kina mama wa mtaa wanaingia kutoa heshima zao, wanalia, na chumba kinanyamaza. Umehudhuria matanga mengi. Utawajua wote waliomo mle chumbani.

Aliyeigiza ni Takashi Shimura. Miaka miwili baadaye Kurosawa huyohuyo alimpa uongozi wa wapiganaji katika *Seven Samurai*, wakulima wanaokodi watu saba kulinda mavuno yao. Waite wanao waje, humo mapigano yapo ya kutosha.

Mama mkwe ni mtu wa Kihindi tu. Nimpe nini kilicho bora? (Kahama Road, Mwanza)

*Mother India*, mwaka 1957, ya Mehboob Khan, kama hajaiona, ingawa nadhani ameiona na ataimba nyimbo zote. Nargis anailima ardhi kwa mikono akiwa na deni la mkopeshaji lisilokwisha. *Lagaan*, mwaka 2001, ni karibu saa nne, na hatainuka.

Akishazipenda hizo, jaribu kumwekea *Pather Panchali* ya Satyajit Ray, mwaka 1955, ya Kibengali, haina nyimbo za kucheza. Ray aliipiga kwa miaka karibu mitatu kwa sababu pesa zilikuwa zinakatika. Vito vya mkewe viliwekwa rehani. Dada na mdogo wake wanakimbia kwenye majani marefu meupe kwenda kuona treni inapita. Mimi nimekulia karibu na reli, na hata hivyo ni ndani ya filamu ile nilipoiona treni kwa mara ya kwanza.

Za kwetu je? Na tunazipata wapi bila kuiba? (Wengi mmeuliza)

Ya Kiswahili, tafuta *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto, Kanada, mwaka 2021. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950, mapenzi na harakati za uhuru, na mwanga wake ni mzuri hadi unatamani kugusa kuta. Kutoka kwa majirani, *Supa Modo* ya Likarion Wainaina wa Kenya, mwaka 2018: mtoto mgonjwa asiye na muda mrefu anataka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu. Kaa na kanga karibu.

Kuhusu kuzipata: najua wengi mnarushiwa kwenye fleshi pale stendi kwa mia tano. Siwahukumu, ila aliyeitengeneza hapati hata senti, na hawa wa kwetu ndio wanaoumia zaidi. Changeni watu watano, mlipie huduma ya mtandaoni mwezi mmoja, muwe mnakutana nyumbani kwa mwenye bando na luninga kubwa. Kuna vya bure vilivyo halali pia: studio ya Mosfilm ya Urusi imeweka filamu zake nyingi za zamani kwenye chaneli yake ya YouTube, nyingi zikiwa na maandishi ya Kiingereza. Humo anzeni na ile ya korongo wanaoruka, *The Cranes Are Flying* ya mwaka 1957, ya msichana anayesubiri barua kutoka vitani. Ilishinda Palme d'Or mwaka uliofuata.

Na ninyi wa Ukerewe, mwezi ukipungua mkarudi ziwani, niandikieni. Nataka kujua wazee wa kambi walisema nini mizani ilipoanguka majini.